Paka wa nje wakati wa kiangazi cha Moshi na Arusha: maji, kivuli, chakula na huduma ya kwanza

Mwongozo huu ni wa wanaolisha paka wasiolala ndani: paka wa uani, wa shambani, wa dukani, wa nyuma ya jiko la mama ntilie, na wale paka shume wasio na mwenyewe lakini mtaa mzima unawajua. Msimu wenyewe unaanza vuli inapokatika, mwishoni mwa Desemba, hadi masika yaingie Machi. Moshi mjini mchana wa Februari hupita nyuzi joto 30 kwa urahisi. Arusha iko juu zaidi, karibu mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo usiku wake unapoa. Lakini jua la saa nane linachoma vilevile, na chini ya bati hakuna tofauti kubwa.

Kama una nafasi ya kufanya jambo moja tu, weka maji mahali ambapo paka atathubutu kunywa. Mengine yote yanafuata hapo.

Kwa nini paka anaumia kimyakimya

Paka hatoki jasho la kumsaidia, isipokuwa kidogo kwenye nyayo. Anajipoza kwa kujilamba: mate yakikauka kwenye manyoya, yanaondoka na joto. Maana yake kila anapojipoza anatumia maji ya mwilini, na maji hayo lazima yarudi. Shida ni kwamba asili yake ni nchi kame, na kiu yake ni ndogo kuliko haja yake. Mbwa mwenye kiu ataifuata ndoo hata kama iko kwa jirani. Paka atalala kivulini, atafumba macho, na mtu atasema amepumzika kumbe amekaukiwa.

Jambo la pili la kushika: paka kuhema mdomo wazi si kawaida. Mbwa akihema hivyo anajipoza. Paka akihema hivyo akiwa ametulia, hakukimbizwa wala hakutoka kupigana, amezidiwa na joto au ana ugonjwa wa moyo au mapafu.

Maji: kiasi, chombo na mahali

Hesabu ni mililita 50 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Paka mkubwa wa kawaida ana kilo 3 hadi 4, hivyo anahitaji mililita 150 hadi 200, glasi moja isiyojaa. Anayekula panya na nyama anapata sehemu kubwa ya maji hayo ndani ya chakula. Anayekula dagaa wakavu hapati karibu chochote, inabidi anywe yote. Kwa kila paka weka mililita 300 asubuhi, kwa sababu mengine yatakauka na mengine yatanywewa na ndege. Kwa paka wanne ni lita moja na robo, igawe kwenye bakuli tatu zilizo mbalimbali. Bakuli moja kubwa halifai: paka mbabe atalala karibu nalo na wanyonge hawatasogea.

Chombo bora ni bakuli la udongo lisilopakwa rangi wala kung'arishwa, kama vile vyungu vipana vinavyouzwa sokoni Mbuyuni (Moshi) au Kilombero (Arusha). Udongo unavuja unyevu kidogo kidogo, unyevu ukikauka kwa nje unapoza yaliyomo, kama mtungi wa bibi. Chagua lenye upana wa sentimita 20 au zaidi na kina cha sentimita 6 hadi 8. Sufuria ya aluminiamu ikipigwa na jua dakika chache, maji yanakuwa ya kuogea. Plastiki inashika mikwaruzo, na kwenye mikwaruzo kunaota utelezi ambao paka anaunusa kabla hujauona.

Bakuli likae angalau mita 2 kutoka kwenye chakula, na mbali kabisa na mchanga wanapojisaidia. Nyuma yake kuwe na ukuta au shina la mti, ili paka akiinama asihofie mgongo wake, na awe na njia mbili za kuondokea. Kama kuna mbwa wanaofunguliwa usiku, pandisha bakuli juu ya ukuta au juu ya bloku zilizopangwa kufikia mita 1 au zaidi.

Kila asubuhi mwaga maji yote hata kama yanaonekana safi, sugua kwa brashi na maji matupu, jaza upya. Sabuni ya unga na dawa ya kung'arishia nguo zinaingia ndani ya udongo na harufu haitoki. Ukikosa kubadilisha kwa wiki moja hivi, utakuta viluwiluwi vya mbu. Saa nane mchana ongeza maji ya bomba yaliyopoa.

Na kama una pipa au tangi la kukingia maji, lifunike. Kiangazi ndicho wakati paka wachanga wanaopanda kutafuta maji wanatumbukia na kushindwa kutoka, kwa sababu ukuta wa plastiki hauna pa kushika kucha. Kama haliwezi kufunikwa, simamisha ubao wenye mikato ndani yake, kutoka chini hadi ukingoni. Kwenye ndoo na beseni, jiwe kubwa linalotokeza juu ya maji linatosha.

Kivuli: tumia mlima kama dira

Watu wengi huweka makazi ya paka mahali penye kivuli saa wanapoyaweka, yaani asubuhi au jioni, halafu wanashangaa paka hawaingii. Kivuli kinahama. Moshi na Arusha zina bahati ya kuwa na alama moja rahisi: Kilimanjaro iko kaskazini mwa Moshi, na Meru iko kaskazini mwa Arusha. Miji yote miwili iko kusini kidogo ya ikweta, digrii 3 na ushei. Kuanzia mwanzo wa Oktoba hadi karibu tarehe 12 Machi, jua hupita kusini mwa utosi wetu. Kwa hiyo kiangazi chote, ukuta unaoutazama mlima ndio wenye kivuli, na sehemu iliyobanana na ukuta huo haipigwi na jua kutwa.

Lakini kivuli hicho ni chembamba. Mwanzoni mwa Januari, ukuta wa mita 3 unatupa kivuli cha kama mita 1 tu jua likiwa juu kabisa. Mwishoni mwa Februari kimebaki kama sentimita 30. Ndiyo maana ukuta peke yake hautoshi: unahitaji paa dogo linalotoka kwenye ukuta huo.

Jua huku kwetu halifiki juu kabisa saa sita. Kwa Januari na Februari ni karibu saa saba kasorobo. Ardhi na bati huendelea kupata joto baada ya hapo, na saa mbaya zaidi ni kati ya saa nane na saa kumi. Kabla hujajenga chochote, chukua chaki. Toka saa saba kasorobo uweke alama ukingo wa kivuli, rudi saa tisa na nusu uweke alama nyingine. Eneo lililobaki kivulini mara zote mbili ndilo lako. Kisha weka kiganja chini, upande wa mgongo wa mkono, uhesabu hadi saba. Ukishindwa kufika saba kwa joto, hapo nyayo za paka zitaungua, na saruji au lami yake itaendelea kutoa joto hadi usiku.

Mwenye migomba hana haja ya kujenga. Ndani ya migomba iliyoshonana, hasa inayomwagiliwa, hewa ni baridi kuliko popote pengine uani, maana majani yale mapana yanatoa unyevu mchana kutwa. Safisha nafasi ya mita 1 kwa 1, laza kreti la mbao la nyanya ubavuni juu ya bloku mbili, weka maji jirani. Yatosha.

Kibanda cha paka watatu

Kwa asiye na migomba wala mti mkubwa, hiki ndicho kibanda kinachofanya kazi. Vifaa:

- kipande cha bati cha mita 1.2 kwa mita 1, kilichotumika si tatizo, kingo zikunjwe zisikate
- nguzo nne za mbao za 2 kwa 2: mbili za sentimita 75, mbili za sentimita 60
- mbao za kreti au paleti za kutosha sakafu ya mita 1 kwa sentimita 60
- bloku sita za nchi 4
- majani makavu ya migomba, mafungu mawili makubwa, na fito tano au sita za kuyashikilia
- gunia moja la katani, si kiroba cha plastiki
- misumari ya nchi 3 na ya bati

Panga bloku, uziweke sakafu juu yake iwe imeinuka kama sentimita 20. Upepo unapita chini, siafu unawaona mapema, na mvua ya ghafla haimlowanishi aliyelala. Acha mwanya wa sentimita moja kati ya ubao na ubao.

Simamisha nguzo, ndefu upande wa ukuta wa nyumba na fupi upande wa nje, ili paa literemke na maji yasirudi ukutani. Kabla ya bati, funga fito kwa mlalo chini ya pale bati litakapokaa, na juu ya fito tandaza majani ya migomba yenye unene wa kiganja, ubaki mwanya wa sentimita 10 hadi kwenye bati. Kisha piga bati juu. Nafasi hiyo ya sentimita 10 kati ya bati na majani ndiyo siri ya kibanda chote. Bati lililopigwa na jua linarusha joto kwenda chini kama jiko la mkaa. Majani yanalipokea badala ya mgongo wa paka, na hewa ya moto iliyo katikati inatoka pembeni. Ukiyabandika majani moja kwa moja kwenye bati, yanapata joto na kulishusha. Ukiziba pembeni kwa ajili ya urembo, umetengeneza tanuri. Bati likipakwa chokaa nyeupe kwa juu, linapungua joto zaidi.

Ukuta weka upande mmoja tu kati ya zile tatu zilizo wazi, ule wa magharibi, kwa fito au mianzi yenye nafasi. Jua la saa kumi huingia kwa chini kutoka huko. Pande nyingine ziache. Paka anayeona pande mbili ataingia. Paka anayeona shimo moja jeusi atafikiria mtego. Kuta za bati usiweke kabisa.

Sakafuni kwa mchana usitandike blanketi. Ubao mtupu, au kipande cha gunia, kinatosha. Arusha, kwa ajili ya usiku, weka pembeni boksi dogo lenye maranda, kila paka achague mwenyewe.

Gunia la katani ni kwa siku za joto kali. Liloweshe kwa lita 2 za maji, lining'inize upande upepo unakotoka, umbali wa kiganja kutoka kwenye sakafu. Kujua upepo unatoka wapi, funga ukanda wa mfuko wa nailoni kwenye nguzo na uutazame saa nane. Upepo ukipita kwenye unyevu unaingia umepoa. Loweka saa nne, loweka tena saa nane. Njia hii inafanya kazi hewa ikiwa kavu. Siku yenye wingu zito na fukuto gunia haliongezi chochote ila unyevu, liondoe.

Chakula kwenye joto

Lisha mara mbili: saa kumi na mbili asubuhi, na saa moja jioni jua likishazama. Mchana paka wa kiangazi hula kidogo, usihangaike. Kilichobaki baada ya nusu saa kiondoe. Kwenye joto la nyuzi 30 na zaidi chakula kibichi hakimalizi saa moja bila kuanza kuharibika, na nzi huwahi kuliko paka.

Dagaa wakavu ndio chakula cha wengi, na si kibaya wakitayarishwa vizuri. Kwa paka wa kilo 4 kadiria gramu 50 hadi 60 za dagaa wakavu kwa siku. Waoshe mara mbili kwa maji mengi, mchanga na chumvi vitoke. Wale waliochemshwa kwa maji ya chumvi wanahitaji kulowekwa nusu saa na maji yale kumwagwa. Chemsha dakika 10, kwa sababu baadhi ya samaki wabichi wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1, na moto unakiua. Wape pamoja na mchuzi wake uliopoa, mililita 100 kwa kila paka. Mchuzi huo ndio njia rahisi kuliko zote ya kumnywesha paka mvivu wa kunywa. Ugali kidogo unaweza kuchanganywa, usizidi robo ya bakuli. Paka ni mla nyama, na ugali mwingi unamshibisha bila kumjenga.

Maini ya kuku ni mazuri mara moja au mbili kwa wiki, kipande cha ukubwa wa kidole gumba. Maziwa ya ng'ombe huwaharisha paka wengi wakubwa, na kuhara kwenye kiangazi ni maji yanayopotea. Mabaki ya mchuzi wa nyumbani yana vitunguu, na vitunguu maji na vitunguu saumu huvunja chembe nyekundu za damu ya paka, vibichi au vilivyopikwa.

Sisimizi: weka sahani pana yenye maji ya kina cha sentimita 2, katikati weka kopo lililofunikwa au jiwe bapa, juu yake bakuli la chakula. Hawavuki. Dawa ya kupulizia wadudu isikaribie hapo hata kidogo.

Dume anayechuchumaa bila kukojoa

Hili linastahili kusomwa mara mbili, kwa sababu linaua madume wengi na huwa linadhaniwa ni choo kigumu. Maji yakiwa machache, mkojo unakuwa mzito, chembechembe za madini zinajikusanya, na njia ya mkojo ya dume ni nyembamba mno. Ikiziba, utamwona anachuchumaa kila baada ya dakika chache, anatoa tone au hatoi kabisa, analia, anajilamba nyuma bila kuacha. Baadaye anatapika na kulegea. Ukimshika tumbo, karibu na miguu ya nyuma, utahisi kitu kigumu kama chungwa, usikibonyeze.

Huyu hana siku mbili za kusubiri. Sumu ya mkojo inarudi kwenye damu na kuharibu mapigo ya moyo. Anahitaji daktari wa mifugo siku ileile, azibuliwe kwa mrija. Chai, mafuta ya kula au dawa ya kuharisha havifiki kwenye kibofu.

Paka amezidiwa na joto

Joto la kawaida la paka ni nyuzi 38 hadi 39.2. Likifika 40 yuko hatarini, 41 ni dharura. Kama ni wa kushikika, tumia kipimajoto cha dijitali kilichopakwa mafuta ya mgando, sentimita 2 ndani ya njia ya haja kubwa. Kama hashikiki, hesabu pumzi akiwa amelala: mbavu zikipanda mara 20 hadi 30 kwa dakika ni sawa, zikipita 40 kuna jambo. Dalili nyingine ni kuhema ulimi nje, mate mengi mazito, fizi nyekundu sana, kuyumba, kutapika, na mwisho degedege au kupoteza fahamu.

1. Mtoe juani, umweke kivulini sakafuni, si kwenye blanketi.
2. Mmwagie maji ya bomba ya kawaida tumboni, kwapani, mapajani kwa ndani, kwenye nyayo na masikioni. Yafikishe kwenye ngozi. Manyoya ya juu yakilowa peke yake haisaidii.
3. Mpepee kwa nguvu, kwa feni, kipepeo cha jiko au mfuniko wa ndoo. Maji bila upepo ni nusu ya kazi.
4. Usimfunike kwa taulo iliyolowa. Dakika chache tu taulo inapata joto lake na kulizuia lisitoke.
5. Usitumie barafu. Inabana mishipa ya ngozi na joto linabaki ndani.
6. Mwekee maji karibu na mdomo. Akiyalamba, vizuri. Usimmiminie kwa nguvu, yatamwingia mapafuni.
7. Joto likishuka hadi 39.5, acha kumlowesha. Ukiendelea litaporomoka chini ya kawaida. Kama huna kipimajoto, simama akiacha kuhema na akainua kichwa.
8. Mpeleke kwa daktari hata akisimama na kutembea. Figo, ini na kuganda kwa damu vinaweza kuharibika siku moja hadi tatu baadaye.

Njiani, mweke kwenye tenga au kikapu chenye matundu, funika juu kwa kanga nyepesi ukiacha pembeni wazi. Bajaji ni bora kuliko gari lililofungwa vioo, kwa sababu upepo unapita. Na usimpe paracetamol kwa kudhani unashusha homa. Ini la paka haliwezi kuivunja; kidonge kimoja cha miligramu 500 kinatosha kumuua.

Viroboto, vidonda na masikio meupe

Joto linaharakisha kila kitu cha kiroboto: kutoka yai hadi mkubwa anaweza kutumia wiki tatu tu. Kosa kubwa hapa kwetu ni dawa ya kuogeshea ng'ombe au mbwa. Nyingi zina permethrini, sipamethrini au amitrazi, na paka hana uwezo wa kuziondoa mwilini. Anaanza kutetemeka, kisha degedege. Kwenye duka la dawa za mifugo uliza dawa ya matone iliyoandikwa kwa ajili ya paka, yenye fipronili au selamektini, kwa uzito wake. Mafuta ya mwarobaini na ya karafuu nayo yaache. Matandiko yafue kwa maji ya moto kila wiki na kuyaanika juani.

Madume wakipigana, jeraha la jino hujifunga kwa juu na kutunga usaha chini. Nzi hutaga kwenye jeraha bichi, na funza wanaweza kutoka ndani ya siku moja. Kagua shingo, mashavu na mzizi wa mkia kila jioni wakati wa kulisha. Osha kwa maji ya chumvi: kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa kwenye nusu lita ya maji yaliyochemshwa na kupoa, yasukume kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Dawa za kuua vijidudu zile zinazogeuka nyeupe kama maziwa zikiingia kwenye maji ni sumu kwa paka, na atazilamba. Funza wakishaonekana, au uvimbe ukiwa wa moto, ni kazi ya daktari.

Ukikwaruzwa au kuumwa wakati wa huduma, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo ukaeleze. Kichaa cha mbwa kinapita kwa paka pia. Paka unaoweza kuwashika wachanjwe kuanzia miezi mitatu. Ofisa mifugo wa kata atakuelekeza.

Paka mwenye masikio au pua nyeupe anaungua na jua. Inaanza kama wekundu na magamba kwenye ncha za masikio, mwaka baada ya mwaka, hadi kidonda kisichopona, na hicho mara nyingi ni saratani ya ngozi. Baadhi ya mafuta ya kuzuia jua ya watu yana zinki, akiyalamba yanamdhuru. Kinga yake ni kivuli kati ya saa nne na saa kumi. Kidonda cha sikio kikipita wiki mbili, asicheleweshwe.

Mama na watoto, na majirani

Karibu na ikweta, urefu wa siku haubadiliki sana, hivyo majike hapa huzaa miezi yote, kiangazi kikiwemo. Jike anayenyonyesha anahitaji chakula na maji mara mbili hadi tatu ya kawaida, na bakuli liwe hatua chache kutoka alipojificha. Watoto chini ya wiki nne hawawezi kurekebisha joto lao. Kama amezalia darini chini ya bati au stoo iliyofungwa, weka boksi mahali pa baridi karibu na hapo, umwache awahamishe mwenyewe. Wahamishe wewe tu ukiwakuta wamelegea na kulia bila kukoma.

Kuhasi madume na kufunga kizazi majike kunapunguza mapigano na njaa. Ukitumia mtego, utege jioni, usiuache juani hata dakika kumi, na jike aliyepasuliwa alale ndani penye hewa na pasipo nzi usiku wa kwanza.

Mabakuli yakiwa karibu na uzio, ongea kwanza. "Shikamoo mama, naomba niweke maji ya paka hapa ukutani, nitayabadilisha kila asubuhi, na chakula nitakiondoa." Jirani aliyeombwa atakwambia mapema akitega sumu ya panya, na paka aliyekula panya mwenye sumu anaweza kufa naye. Waombe pia wenye magari wapige boneti kwa mkono na kutazama chini kabla ya kuwasha.

Mvua ikianza

Masika yakianguka, ondoa gunia na majani yaliyooza, angalia kama paa linamwaga maji nje, na ongeza matandiko makavu. Unyevu huo wa kwanza huamsha viroboto waliokuwa wamejifunga kwenye vumbi, kwa hiyo rudia dawa ya matone kwa tarehe iliyoandikwa kwenye pakiti. Na kuanzia katikati ya Machi jua linavuka kuelekea upande wa mlima: ule ukuta uliokuwa na kivuli kutwa utaanza kupigwa. Toka tena na chaki saa saba kasorobo, uhamishe mabakuli.